KHUTBA YA IJUMAA: JUA LA MAKKA SI JUA LA MANIEMA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena Ijumaa hii, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, wiki hii sikuandikii juu ya fadhila za Hijja. Fadhila hizo umezisikia tangu utoto, na walio na hamu ya kwenda hawahitaji kuongezewa hamu. Wiki hii nitasema juu ya viatu, maji, choo, mwavuli na karatasi. Najua wako watakaosema: Maalimu amekosa aya za kutusomea, sasa anatusomea mwavuli. Sawa. Lakini soma mpaka mwisho, na kama wewe hutaenda, mpe karatasi hii mama yako au jirani yako anayeweka feza yake kidogo kidogo kwa ajili ya safari.

Mwaka 2017 nilipewa amana ya kuongoza kundi dogo la mahujaji wa kwetu. Alikuwemo mzee mmoja, mkulima, mwenye miaka sabini na kitu, mtu aliyezoea kubeba gunia la mpunga kichwani kutoka shambani. Siku ya pili ya Mina, wakati jua liko katikati ya kichwa, aliniambia: "Maalimu, kichwa kinanizunguka." Mimi nikamjibu: "Mzee, vumilia, hii ni ibada, na malipo yanakuja na taabu." Tukaendelea kutembea kuelekea kwenye nguzo za mawe. Hatujafika akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akamwita mkewe ambaye alikuwa amekufa zamani, halafu akaanguka. Nilipomshika, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Watu wa Hilali Nyekundu walimchukua. Alhamdulillahi hakufa, lakini alilala hospitali siku sita, mawe yake tukamtupia sisi, na tangu aliporudi nyumbani hakuwa tena yule mzee wa gunia la mpunga.

Baadaye tukajua kwamba tangu alfajiri hakuwa amekunywa hata kikombe kimoja. Aliogopa kupanga mstari wa choo. Hakuniambia, na mimi sikumwuliza. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimewasomesha dua moja baada ya nyingine, na sikuwasomesha hata siku moja namna ya kunywa maji. Ndiyo sababu ninaandika.

Na lile jibu nililompa halikuwa elimu. Tunasoma katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mzee anayekokotwa katikati ya wanawe wawili. Akauliza ana nini, akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu. Mtume akasema Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kujitesa, akaamuru apande mnyama. Nilikuwa nimeisoma Hadithi hii zaidi ya mara ishirini. Siku ile sikuikumbuka.

Sasa tuanze na jua lenyewe. Sisi watu wa Maniema tunadhani jua tunalijua. Tunalijua la kwetu, jua la mto na la msitu. Hapa ukifanya kazi unalowa jasho, shati linanata mgongoni, na mwili wenyewe unakuambia: kaa chini, kunywa. Kule Makka hewa ni kavu. Jasho linatoka na kukauka kabla hujaliona. Unajitazama, unajiona mkavu, unasema mimi niko sawa, kumbe maji yanakutoka kama kwenye mtungi uliopasuka. Kiu ikifika umekwisha chelewa. Wala weusi wa ngozi haukingi jambo hili. Unasaidia kidogo ngozi isiungue, lakini damu inachemka kwa mweusi kama kwa mweupe.

Mwaka 2024, Hijja ilipoangukia katikati ya Juni, joto lilifika digrii 51.8 pale Msikiti Mtukufu. Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba watu 1,301 walikufa katika Hijja ile, na kwamba 83 kwa mia kati yao hawakuwa na ruhusa rasmi: walitembea masafa marefu juani, bila hema, bila gari, bila mahali pa kupumzika. Ni kweli kwamba Hijja inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Siku ya Arafa mwaka 2024 ilikuwa tarehe 15 Juni, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 5 Juni, na hivyo taratibu itatoka katika miezi ya moto. Lakini hata mwezi wa tano Makka hupita digrii 40. Usidanganyike.

Basi kunywa kabla ya kiu. Beba chupa yako, ijaze Zamzam au maji mengine safi kila unapopita penye bomba, na unywe kidogo kidogo mchana kutwa. Alama yako ni mkojo: ukiwa mweupe kama maji, uko salama, ukiwa wa rangi ya chai, kaa kivulini unywe. Choo kitakuwa na mstari, ndiyo. Panga mstari. Nenda mapema, usingoje kubanwa. Mama zetu hasa ndio wanaojinyima maji kwa aibu ya choo. Nawaomba sana, waambieni.

Chukua na vijiko viwili vya chai, kimoja cha sukari na kimoja cha chumvi. Mwenzako akiharisha au akilegea, tia katika lita moja ya maji safi vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kulinganishwa juu, si vya kujaza mlima, na umnyweshe polepole. Lakini yule aliyeanza kusema ovyo, ambaye ngozi inawaka, huyo si wa kunyweshwa wala si wa kuombewa vumilia. Mwingize kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na umpeleke mtu mbio kuita waganga. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani.

Wako wanaume wanaoona haya kushika mwavuli, au wanaodhani ihramu inaukataza. Kilichokatazwa kwa mwanamume aliye katika ihramu ni kitu kinachogusa na kufunika kichwa, kama kofia na kilemba. Kivuli hakikukatazwa. Imepokewa kwamba katika Hijja ya Mtume (s.a.w.), Bilal na Usama walikuwa naye, mmoja ameshika hatamu ya ngamia na mwingine ameinua nguo kumkinga na joto mpaka akamaliza kutupa mawe. Kama yeye alikingwa, wewe ni nani wa kuutupa mwavuli? Nunua mweupe au wa rangi hafifu. Na siku ya Arafa usifunge saumu ukiwa kule. Saumu ile ni yetu sisi tuliobaki nyumbani. Mtume alipelekewa maziwa siku hiyo, akayanywa juu ya ngamia wake mbele ya watu ili waone. Wala si lazima kupanda ule mlima wa Rahma. Arafa yote ni mahali pa kusimama. Kaa hemani wakati wa jua kali, omba dua zako ukiwa na akili timamu, na toka nje jua likipoa.

Juu ya karatasi nitasema kwa ukali, kwa sababu hapa watu wetu wameumia. Chanjo tatu usizichezee: homa ya manjano, ambayo kadi yake sasa inatosha maisha yote, homa ya uti wa mgongo ya aina nne, isiyopungua siku kumi kabla ya kufika, na polio, ambayo kwa watu wa Kongo huulizwa hata kwa wazee, nayo ipigwe angalau wiki nne kabla ya safari. Usinunue kadi ya manjano sokoni ikiwa na muhuri tu bila sindano. Ni uongo ulioandikwa, unaoubeba kwenda nao mbele ya Al-Kaaba. Na zaidi ya hayo, ugonjwa hausomi muhuri.

Viza ya Hijja ni viza ya Hijja. Viza ya matembezi au ya kumtembelea ndugu haikupi ruhusa ya kuhiji, hata yule anayekuuzia akuapie nini. Mwaka 2025 ilitangazwa kwamba anayekamatwa akihiji bila ruhusa atatozwa hadi riyali 20,000, yaani zaidi ya dola 5,300. Kuna mama mmoja wa mjini kwetu, mjane, aliyeuza kiwanja cha marehemu mumewe akampa feza mtu aliyejiita wakala. Alingojea msimu mmoja, akangojea wa pili. Wakala hana simu tena. Mama huyo leo anapanga chumba kwa watu, na bado ananiuliza kama Mungu atamwandikia Hijja kwa nia yake. Nilimwambia namtarajia Mungu amwandikie. Lakini wewe ambaye bado una kiwanja: lipa kwa njia ya jumuiya inayojulikana, mbele ya mashahidi, upewe risiti yenye jina lako na jina la aliyepokea. Tumeambiwa tuandikishane hata madeni madogo. Sembuse feza ya kiwanja?

Na kabla ya kuuza, kumbuka kwamba Hijja ni kwa mwenye uwezo. Uwezo ni pamoja na njia yenye amani, madeni yaliyolipwa, na chakula cha wale unaowaacha nyumbani mpaka urudi. Njia yetu siku hizi unaijua. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na wengi waliokuwa wakipitia kule walilazimika kutafuta njia nyingine. Mtu anayechukua feza ya shule ya watoto, au anayewaacha watoto katikati ya risasi ili aende kuitwa Alhaji, namwambia: Al-Kaaba haikukimbii.

Mwili nao unafundishwa. Kutoka Safa mpaka Marwa ni kama mita 450, na unakwenda mara saba, yaani zaidi ya kilomita tatu, baada ya kumaliza tawafu. Siku za Mina ni kutembea na kurudi. Mtu wa kijijini anaweza. Mtu wa mjini anayepanda pikipiki hata kwenda sokoni atalia siku ya kwanza. Anza sasa, miezi mitatu kabla, kutembea kila asubuhi baada ya Alfajiri. Tembea na viatu vile vile utakavyokwenda navyo, visije vikakutoa malengelenge kule. Kwa mwanamume viwe vya wazi, visifunike vifundo vya miguu. Na ukiingia msikitini vitie katika mfuko wako, usiviache mlangoni. Mimi nilitembea juu ya lami ya Makka bila viatu mara moja, kama dakika tano, nami sisahau. Sakafu nyeupe ya msikiti inabaki baridi hata mchana, kwa aina ya jiwe lake. Lami ya barabara haina rehema hiyo.

Mwenye ugonjwa wa sukari au wa damu kupanda, mwone daktari kabla ya kulipa, si baada ya kulipa. Dawa za kutosha siku zote na za ziada, ndani ya mkoba wa mkononi, katika paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari. Baadhi ya dawa za maumivu ambazo hapa zinauzwa kama karanga, kama tramadol, kule ni dawa za kulindwa kwa sheria, na ukikutwa nazo bila karatasi una kesi. Dawa za kulevya ni kifo. Usimbebee mtu kifurushi usichokifungua mwenyewe, hata akiwa mjomba wako.

Na hirizi. Nasema hili polepole. Wapo ndugu ambao babu amewafunga kitu kiunoni au ameshona kitu katika pindo la nguo. Katika nchi ile vitu vya uganga ni kosa kubwa, na askari wa uwanjani wanavijua. Umwendee Mwenyezi Mungu nyumbani kwake, halafu uje na mlinzi mwingine mfukoni? Iache.

Ihramu: ukianzia safari kwa Makka, vaa kabla ya kupanda ndeke ya mwisho, kwa sababu mikati inapitwa angani na rubani hakungojei. Ukianzia Madina, usivae. Utavaa Dhul-Hulaifa, wanapopaita Abyar Ali, ukitoka Madina kwenda Makka. Wengi wetu wamekaa na ihramu siku nzima bure kwa kutoelezwa neno hili moja. Wanaume wanene, na mimi nimo, chukueni mafuta mazito yasiyo na harufu mpake katikati ya mapaja kabla ya kutembea. Sabuni pia isiyo na harufu. Mama asivae nikabu wala glavu akiwa katika ihramu, na nguo zake ziwe pana na nyepesi.

Jambo moja la fikihi linalotusumbua sisi wa madhehebu ya Shafii: kugusana mwanamume na mwanamke kunavunja udhu kwetu, na katika tawafu huwezi kuepuka. Nimemwona mtu anatoka kutawadha mara nne mpaka akazimia kwa kuchoka. Maulamaa wetu wameruhusu katika dharura hii kufuata kauli ya madhehebu nyingine zisizovunja udhu kwa kugusa bila matamanio. Endelea na tawafu yako. Vivyo hivyo kutupa mawe: mgonjwa na mzee aliyedhoofika atamwagiza mwingine, na wadhaifu wana ruhusa ya kuondoka Muzdalifa baada ya usiku wa manane, kabla ya msongamano. Fuata saa mliyopangiwa. Tarehe 24 Septemba 2015 mamia ya watu walikufa Mina kwa kukanyagana, na hakuna aliyetoka hemani asubuhi ile akifikiri ni yeye.

Katika adabu, methali yetu inatosha: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wale ni wenyeji. Sisi tuliosoma kwa masheikh wetu tuna namna zetu za ziara na za dhikri, ukifika mbele ya kaburi la Mtume (s.a.w.) toa salamu kwa sauti ya chini, usipanguse ukuta, na askari akikuambia pita, pita. Usibishane naye kwa Kiarabu cha chuoni. Kuingia Rawdha siku hizi ni kwa kupanga saa kabla, kwa programu ya simu iitwayo Nusuk. Tafuta kijana wa kundi akupangie. Kadi ya Nusuk utakayopewa ivae shingoni hata ukienda chooni. Usimpige picha mtu anayelia katika dua yake. Usiteme mate. Usisukume kufika kwenye Jiwe Jeusi; kulibusu ni sunna, kumuumiza Muislamu ni haramu.

Usibebe mbabula wala jiko la gesi kupikia hemani. Mwezi wa nne 1997 moto uliteketeza mahema ya Mina, watu 343 wakafa, na ndipo yakajengwa haya yasiyoshika moto. Sombe iliyokaushwa kidogo hakuna atakayekulaumu. Ngamia mtazame kwa mbali, usinywe maziwa yake mabichi. Kunyoa kichwa, nenda kwa kinyozi mwenye ruhusa, na wembe ufunguliwe mbele yako.

Dola moja ni riyali 3.75, haibadiliki, kwa hiyo asikuhesabie mtu vingine. Chukua noti safi. Unajua mwenyewe dola iliyochanika inavyokataliwa hata hapa sokoni. Gawa feza yako mahali pawili, na sehemu ya kununua zawadi iwe ndogo kuliko sehemu ya kula.

Wasiojua kusoma wapotee vipi wasipotee? Kundi letu limekubaliana: kila mmoja atashona kipande cha kikwembe cha rangi moja kwenye mfuko wake, na mama kwenye mtandio wake. Jina la hoteli liandikwe kwa Kiarabu kwenye karatasi iliyofungwa mkononi. Ukipotea, simama mahali pamoja, useme Kiswahili kwa sauti. Mnacheka, lakini mwaka ule mama yetu mmoja aliyepotea alikaa chini karibu na mlango akawa anajisemea, "Jamani watu wangu wako wapi?" Mama wa Kitanzania akamsikia, akamshika mkono, akamnywesha maji na kumrudisha hotelini. Kiswahili hicho kilikuja Kasongo kwa njia ya misafara kutoka pwani, na kule Makka utakisikia katika vinywa vya watu wa Unguja, Mombasa na Bujumbura.

TANGAZO. Jumapili baada ya swala ya Alasiri, wote walioandikishwa, wanaume kwa wanawake, wakutane katika uwanja wa madrasa. Kila mtu aje na viatu vyake vya safari, chupa ya maji na mwavuli. Tutajifunza kufunga ihramu, halafu tutatembea kutoka msikitini mpaka mtoni na kurudi, mara mbili. Mganga wa dispansari atapima damu na sukari bure. Yule mzee wa mwaka 2017 ameniahidi kuja na kukaa chini ya mwembe. Atakuwa na kengele ya mkononi, na kila akiipiga, wote mtasimama mnywe.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.